Kuona Chini Kabla ya Kutupa Mshipi: Kamera ya Majini kwa Mvuvi wa Mombasa

Anayevua mshipi nje ya mwamba wa Nyali anajua mengi bila kuyaona. Mkono wake unamwambia kama chubwi, yaani risasi inayozamisha mshipi, limegonga jiwe au limelala mchangani, na mvuto unamwambia kama ni changu au bunju. Kamera haichukui nafasi ya ujuzi huo. Inakuonyesha yale ambayo mkono hauyafikii: mchanga unaishia wapi na jiwe linaanzia wapi, na kama samaki hawapo kabisa au wapo ila hawali. Wapo watu wenye kamera nzuri wanaoambulia ukungu wa kijani tu, na mara nyingi kamera yenyewe haina kasoro. Imeshushwa saa mbaya, au imefungwa vibaya. Ndiyo maana hapa nitakaa sana kwenye kamba na maji, na mambo ya dukani nitayapita haraka.

Kamera gani

Ziko namna mbili. Moja ina kichwa cha kamera, kebo ndefu na skrini ndogo inayobaki chomboni, kwa hiyo unaona papo hapo kinachopita chini. Nyingine ni kamera ndogo ya kurekodi, kama GoPro, unayoishusha kwa kamba, ukaipandisha, ukatazama baadaye. Kwa mvuvi wa mshipi nashauri ile ya kebo, kwa sababu ukiona unaweza kufanya jambo saa ileile: kusogea, kupunguza ndoano, kubadilisha chambo. Ya kurekodi picha zake huwa safi zaidi, na kama unayo tayari itumie, lakini itakusaidia safari ijayo zaidi kuliko ya leo.

Asikuuzie mtu kamera ya kushusha kwa kamba kwa ahadi kwamba utaitazama kwenye simu kwa Wi-Fi ikiwa chini. Mawimbi ya Wi-Fi hufia ndani ya maji ya bahari baada ya sentimita chache tu. Zile zinazofanya kazi na simu huwa na kebo inayopanda hadi boya linaloelea juu, na boya ndilo linalotuma picha.

Urefu wa kebo utategemea unavua wapi. Ndani ya mwamba, kati ya ufuo wa Bamburi na pale mawimbi yanapovunjikia, mita 15 zinatosha na kubaki. Nje ya mwamba chukua mita 30, na hata hizo usizitegemee kupita pima 12 (pima moja ni upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, karibu mita 2), maana mkondo hulaza kebo na sehemu kubwa hupotelea kwenye mshazari. Soma pia kina ambacho kamera imehakikishiwa. Kila mita 10 unazoshuka zinaongeza shinikizo sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu, na tundu ambalo halivuji kwenye ndoo litavuja huko. GoPro nyingi za kuanzia HERO5 huvumilia mita 10 bila kasha. Kushuka zaidi zinahitaji kasha la kuzamia.

Skrini ya inchi 7 ni bora kuliko ya inchi 4, ila zote mbili jua la saa sita litazifuta. Tengeneza kivuli chake mapema kwa boksi gumu lililopakwa rangi nyeusi ndani, au jifunike kitambaa kizito cheusi, wewe na skrini pamoja. Ukiwa baharini utaona kwamba kivuli hiki kina faida kuliko ukubwa wa skrini.

Jaribio la nyumbani

Kama kamera yako ina kasha, lifunge tupu kwanza, bila kamera, na ndani tia karatasi ya tishu. Lishushe kwa chubwi mpaka kina unachokusudia kuvua, liache robo saa, lipandishe. Tishu ikitoka kavu, kasha ni zima. Ikiwa na hata doa moja la unyevu, tafuta sababu kabla hujaweka kitu cha thamani humo.

Sababu yenyewe mara nyingi ni oringi, yaani ule mpira mwembamba unaoziba mlango wa kasha. Utoe kwa ncha ya kadi ya plastiki, usitumie kisu wala sindano. Upitishe taratibu kati ya vidole viwili na utausikia mchanga kabla ya kuuona. Chembe moja au unywele mmoja unatosha kuingiza maji. Upanguse, safisha na mfereji wake, kisha upake grisi ya silikoni kidogo tu, kiasi cha kuufanya ung'ae. Grisi ya pikipiki haifai hapa, inaweza kuuvimbisha mpira.

Jambo jingine ni ukungu ndani ya kioo. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi. Ukifunga kasha ufukweni kwenye joto, likishuka kwenye maji ya baridi zaidi unyevu huo unaganda kwenye lenzi. Funga kasha nyumbani, ndani ya chumba kikavu, na utie kifuko kidogo cha silika kama vile vinavyokuja na viatu vipya. Chomboni usilifungue tena.

Kebo si kamba

Hili ndilo linaloua kamera nyingi. Nyaya zilizo ndani ya kebo ni nyembamba sana, na hata pale muuzaji anaposema kebo inabeba kilo nyingi, uzito huo ni wa kuning'iniza tu. Haukuhesabiwa kwa kung'oa kichwa cha kamera kilichonasa kwenye matumbawe huku chombo kikipanda na kushuka. Kila uzito uende kwenye kamba.

Chukua kamba ya nailoni ya milimita 4 au 5. Ipime kwa mikono yako, pima kwa pima, na kila pima ifunge uzi wa rangi. Kila ya tano weka rangi tofauti. Utajua kina bila kutazama chochote. Laza kebo kando ya kamba na uzifunge pamoja kwa utepe wa umeme kila pima moja, ukiacha kebo ilegee kidogo kati ya fundo na fundo. Karibu na kichwa cha kamera acha ulegevu mkubwa zaidi, kama shibiri mbili. Sasa shika kamba uivute kwa nguvu: kamba ikakamae, kebo ibaki imelegea. Ikiwa kebo ndiyo inayokaza, fungua uanze upya.

Chubwi lining'inie chini ya kamera, umbali wa dhiraa moja (kiwiko hadi ncha ya vidole), kwa uzi mwembamba kuliko kamba kuu. Kuna sababu mbili. Chubwi litagusa chini kwanza, nawe utahisi mkononi kabla lenzi haijajigonga kwenye jiwe. Na chubwi likinasa, ule uzi mwembamba utakatika, utapoteza risasi na kurudi na kamera yako. Kilo moja inatosha maji yakisimama. Mkondo ukiwepo weka mbili.

Bila mkia, kamera itazunguka mfululizo na utatazama picha inayotia kichefuchefu. Kata kipande cha mtungi wa plastiki wa lita 5, ukubwa wa kiganja kilichofunguliwa, ukifunge nyuma ya kamera kikiwa kimesimama wima, kwa vibanio viwili vya plastiki kupitia matundu uliyotoboa kwa msumari wa moto. Mkondo utausukuma mkia nyuma na lenzi itaelekea maji yanakotoka. Likumbuke hili la lenzi kuelekea maji yanakotoka, maana baadaye ndilo litakalokuambia utupe mshipi upande gani.

Umeme na mipangilio

Skrini nyingi huja na betri yake ya ndani. Chaji usiku na uchukue pawabenki. Zile zinazotaka volti 12 zinatumia vizuri betri ndogo ya pikipiki, ikiwa ndani ya ndoo yenye kifuniko, na fyuzi kwenye waya mwekundu.

Weka tarehe na saa sahihi. Rekodi kwa 1080p. Saa moja hula kama GB 10 hadi 15 za memori kadi, kwa hiyo kadi ya GB 64 inakutosha asubuhi nzima. Zima Wi-Fi, inamaliza betri bure.

Kuhusu taa, watu wengi huziwasha mara tu picha inapofifia, na hapo ndipo wanapoiharibu. Maji yakiwa na vumbi, taa nyeupe humulika vumbi lililo mbele ya lenzi na unabaki na pazia jeupe. Zima taa na utegemee mwanga wa jua. Taa ya infraredi samaki wengi hawaioni, jambo zuri, ila maji huimeza haraka: utaona kama mita moja tu, tena kwa picha isiyo na rangi. Inafaa kutazama chambo kwa karibu penye giza, haifai kupelelezea mahali. Usishangae pia rangi nyekundu ikitoweka. Ni ya kwanza kumezwa na maji, na chewa mwekundu akiwa pima tano chini atakujia wa kahawia au mweusi kabisa.

Saa ya kushusha

Ungeniuliza jambo moja tu katika haya yote, ningekujibu: maji. Kamera ya bei ndogo iliyoshushwa saa nzuri inaishinda kamera ghali iliyoshushwa saa mbaya.

Maji ya bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hapa kwetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 ndani ya saa sita hivi. Siku hizo maji hujaa mwendo wa saa kumi alasiri na kupwa mwendo wa saa nne asubuhi, kisha kila siku huchelewa kama dakika 50. Wachokoa pweza wanazisubiri siku hizo, na wana haki, kwa kuwa mwamba hubaki wazi. Mwenye kamera anataka kinyume chake. Anataka maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mkondo ukiwa dhaifu na mchanga umetulia. Kamba itashuka wima na picha itatulia.

Ndani ya siku yenyewe, lenga saa ya mwisho ya maji kujaa na ule muda yanaposimama. Maji yanayojaa yanatoka bahari kuu, ni safi. Yanayopwa yanatoka kwenye hori, yaani mikono ya bahari inayoingia bara, kama Tudor au Port Reitz, yakiwa yamepita kwenye mikoko na matope, na karibu na milango ya mwamba yanabeba mchanga wa ndani kuutoa nje. Mahali palepale, kamera ileile, saa tatu baadaye unaweza usione hata chubwi lako mwenyewe.

Misimu nayo ina amri yake. Kaskazi, hasa Januari hadi Machi, ndiyo wakati wa maji maangavu. Masika yakianza, hori zinageuka rangi ya chai. Kusi ikivuma, nje ya mwamba kunakuwa na mawimbi na ndani kunachafuka. Hapo bora kamera ikae nyumbani, isipokuwa siku chache za utulivu.

Kabla hujatia nanga

Mbuga ya Kitaifa ya Bahari ya Mombasa ilitengwa mwaka 1986, na ndani yake uvuvi wa aina yoyote hauruhusiwi. Hifadhi inayoizunguka inaruhusu uvuvi wa asili. Mipaka yake usiibahatishe kwa macho: waulize maafisa wa KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya) na wazee wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo) ya bandari ndogo unakotokea, na hapohapo uulize kuhusu leseni. Mlango wa Kilindini ni njia ya meli, na kivuko cha Likoni hakisimami. Usitie nanga wala kushusha kamba huko. Sehemu za jeshi la wanamaji upande wa Mtongwe usizikaribie na kamera ya aina yoyote.

Vaa jaketi la kuokolea. Anayejifunika kitambaa akitazama skrini haoni wimbi likija, basi mwenzake mmoja awe macho juu. Usiende peke yako na kamera hii.

Kushusha na kuvua

Peleleza kwanza ukiwa unaelea, mashine imezimwa. Shusha kamera mpaka chubwi liguse, kisha ipandishe nusu pima na uache mkondo au kasia likusogeze polepole. Unachotafuta ni mpaka: mchanga unapokutana na jiwe, nyasi zinapokutana na mchanga, au bonde kati ya matumbawe mawili. Katikati ya mchanga mtupu samaki ni wachache. Ukiupata mpaka huo, chukua alama za bara papo hapo, mbili upande mmoja zinazolingana na mbili upande mwingine, kama wafanyavyo manahodha wetu: mnara wa taa wa Ras Serani, bomba la kiwanda, paa la hoteli, mnazi uliosimama peke yake. GPS ya simu ni nzuri pia, lakini betri huisha na mnara hauondoki.

Tia nanga mchangani, kwa juu ya mkondo, ukitoa kamba mpaka chombo kikae karibu na mpaka ulioupata. Nanga juu ya matumbawe inavunja leo kitu kilichochukua miaka mingi kukua, na ndicho kinachowaweka samaki hapo.

Ukitia nanga kwa omo, yaani mbele ya chombo, omo itaelekea mkondo. Lenzi nayo, kwa ajili ya ule mkia, inaelekea mkondo. Kwa hiyo kamera ishuke tezi, yaani nyuma, na mshipi utupwe omo. Chambo kitarudi nyuma kidogo na kukaa mbele ya lenzi, na vumbi linalotimuliwa na chubwi la kamera litachukuliwa nyuma, mbali na picha. Ukifanya kinyume, kamera inatazama maji matupu na mishipi inasokotana na kebo. Upepo ukipingana na mkondo chombo kitakaa kombo. Hapo tazama mshipi unalalia wapi maji yanapokwenda, usifuate chombo kilivyolala.

Kamera ikae nusu pima kutoka chini, umbali wa kama mita moja hadi mbili na chambo. Funga kamba kwenye ubao wa kukalia, usiizungushe mkononi kamwe. Kisha subiri. Samaki hutawanyika kitu kigeni kinapotua na huhitaji dakika kadhaa kurudi. Anayepandisha na kushusha kila mara hataona chochote.

Unachokiona kina maana gani

Tazama changu anavyokijia kipande cha ngisi. Anakuja kutoka pembeni, anasimama shibiri moja mbele yake, mapezi yakipepea, anarudi nyuma. Anakuja tena, anakivuta mdomoni na kukitema, haraka hata vumbi la mchanga halijatulia. Mkono wako juu haukusikia chochote. Ukiona hivyo mara kwa mara, kosa liko kwenye ndoano au uzi: shusha ukubwa wa ndoano, weka uzi mwembamba chini, na kata chambo kidogo kifunike ncha. Ukiona anameza na kugeuka kuondoka, hapo ndipo pa kuvuta, anapogeuka, si anapogusa.

Chewa utamwona kichwa tu kwenye mdomo wa shimo. Hatatoka mbali, kwa hiyo mpelekee chambo hapo mlangoni, na ukimpata vuta mara moja kabla hajarudi ndani. Tafi wakiwa kundi juu ya nyasi wanachunga, na kipande cha samaki wengi wao hawakitazami. Kolekole hupita katikati ya maji kwa kasi. Ukiwaona, pandisha mshipi mmoja juu uache kuvua chini. Na chambo kinachorudi kimekatwa nusu mwezi bila wewe kuhisi kitu, mara nyingi ni kazi ya bunju, ambaye sumu yake inaua: usimle, wala usipoteze chambo hapo, hama.

Usiuamini ukubwa unaouona. Kupitia kioo bapa kilicho majini kitu huonekana kikubwa kwa kama theluthi moja. Funga kijiti chenye alama za sentimita kwenye uzi wa chubwi, kionekane pembeni ya picha, ulinganishe. Ukiona pale chini ni watoto watupu wa changu, ng'oa nanga. Waache wakue, utawakuta.

Kasa akitokea kwenye skrini, pandisha mishipi mpaka apite. Analindwa na sheria, na akinaswa na ndoano ni mateso kwake na hasara kwako. Vilevile kamera itakuonyesha madema, yaani mitego ya samaki, ya wenzako na waliomo. Hayo si yako. Kama dema limepinduka au kamba yake imekatika, mwambie mwenyewe ukirudi pwani, nawe kesho utatendewa hivyo.

Ukirudi pwani

Kamera isikauke na chumvi. Iloweke kwenye ndoo ya maji matamu kwa nusu saa, ikiwa imefungwa, ubonyeze vitufe vyote ili chumvi itoke. Visima vingi vya hapa mjini vina chumvi, na kuoshea maji hayo ni kuipaka chumvi upya. Tumia ya mfereji au mtungi mmoja wa maji matamu kutoka kwa mchuuzi. Osha kebo na kamba kwa urefu wote, ukikagua kwa vidole kama kuna mchubuko. Anika kivulini. Plagi za kebo zipanguse kwa kitambaa kikavu na uzifunike. Kebo izungushe kwa duara kubwa, isipinde kona. Betri ukiiweka muda mrefu, iache na nusu chaji, na mlango wa kasha uuache wazi ili oringi isibonyee.

Usiku huohuo hamisha picha kutoka kwenye kadi na uyape mafaili majina yenye maana: mahali, tarehe, umri wa mwezi, maji yanajaa au yanapwa, pima ngapi, samaki gani. Kwenye daftari andika na zile alama za bara. Faili lisilo na umri wa mwezi halitakusaidia, kwa sababu mahali palepale kwenye maji mafu na kwenye bamvua pana samaki tofauti, na ukiwa na misimu miwili ya kaskazi kwenye daftari utaweza kuamua kabla ya kuondoka nyumbani utie nanga jiwe gani na saa ngapi.